Aliyekula Madeni

Nyumba yangu ya Mabatini ina kuta tatu za tofali.
Wa nne ni jiwe.
Fundi Mafuru alisema, "Mama Shija, huu si umeupata bure?"
akaegemeza bati juu ya jiwe,
akachukua chake, akashuka mlima.
Hakuniambia kuwa jiwe na tofali havifungi ndoa.
Kati yao hubaki ufa,
mwembamba kama kidole cha mtoto,
na kidole cha mtoto, kwa panya,
ni barabara ya lami.

Walianza na dagaa.
Gunia nililolipandisha Jumanne kutoka mwaloni Kirumba,
asubuhi nikakuta vichwa tu, vimebakizwa pembeni
kama sahani ya mgeni mwenye adabu.
Kisha sabuni. Kisha kamba ya chandarua.
Kisha unyayo wa Shija, usingizini:
uma, puliza, uma, puliza,
akaamka anachechemea,
hajui nani alimbembeleza usiku kucha.

Nikaziba ufa kwa waya wa kusugulia sufuria.
Wakapita juu.
Nikatega gundi kwenye kipande cha boksi.
Ikanasa kandambili ya mjumbe, aliyekuja kudai hela ya taka.
Nikaazima paka kwa Bi Holo.
Paka akalala siku tatu juu ya gunia la dagaa,
ya nne akarudi kwao, mzito.

Ndipo nikamsikia kijana wa spika
akipanda ngazi za mawe, sauti ya kurekodi isiyovuta pumzi:
sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto,
akila hapohapo anakauka hapohapo, hanuki!
Nikanunua vipakti viwili vya mia tano.
Nikakanda na ugali wa muhogo, juu nikapamba dagaa mmoja.
Shija nikampeleka kwa shangazi yake Igoma.

Usiku ule nililala macho.
Kwaru, kwaru.
Kimya.
Kisha kwaru nyingine, mbali, ndani kabisa,
kama jiwe lenyewe linajikuna.

Asubuhi nikamkuta mmoja, nyuma ya sanduku.
Mdogo. Ungemfunika kwa upawa.
Masikio yanapitisha mwanga kama ganda la kitunguu.
Amelala juu ya godoro alilojitandikia mwenyewe,
na godoro lile, Mungu wangu,
naujua mwandiko wake.

Daftari langu la madeni, lile la jalada la bluu,
tangu Pasaka hadi Nanenane,
limetafunwa likawa laini kama pamba.
Nikaokota kipande: *Magesa, visado vi—*
Viwili? Vitano?
Kingine: *atalipa mwisho wa—*
Mwisho wa nini, wewe panya?

Nimemuua aliyewasamehe wote.

Nikashuka na ufagio mkononi
nikasema pale bombani, mbele ya ndoo, bila kupunguza:
panya kala daftari.
Ndoo ikajaa, ikamwagika, hakuna aliyefunga koki.
Bi Holo akakohoa. "Mimi nilikuwa na elfu sita."
Nami nakumbuka, ilikuwa nne.
Magesa akatazama ziwani
kana kwamba kuna meli inaingia.
Hapakuwa na meli.

Yule mdogo nilimchimbia chini sana, pamoja na godoro lake,
paka wa Bi Holo asije akamfukua, tukalia wawili.
Jioni nikakoroga saruji kikombe kimoja kwa vitatu vya mchanga,
nikaukandika ufa kwa vidole, kutoka sakafuni hadi batini.
Jiwe lilikuwa bado lina joto la mchana.

Daftari jipya linakaa ndani ya kopo la mafuta, na kifuniko.
Ukurasa wa kwanza: Holo, elfu nne.
Wa pili nimeandika jina, kiasi nimekiacha wazi.
Na Magesa siku hizi ananiamkia mara mbili,
akishuka,
na akipanda.